Kahawa Aliyoikaanga Jerida

Mjukuu wangu Mideva anakaanga kahawa kwa gesi. Ana mashine ndogo, pipa la chuma linalozunguka lenyewe juu ya moto wa samawati, na ameiweka kwenye chumba cha mabati nyuma ya nyumba yetu hapa Kawangware. Asubuhi akiwasha, mtaa wote unajua. Wapita njia wanasimama kidogo, wanainua pua, halafu wanaendelea na safari zao. Mimi nilikaa muda mrefu bila kuingia mle ndani. Mara nilisema miguu inauma, mara nimeweka maharagwe jikoni, mpaka siku moja akanishika mkono kama mtu anayevusha kipofu barabara, akanikalisha kwenye kiti cha plastiki kando ya mashine yake.

Akanionyesha geji ya gesi, na chini yake kishikio cha hewa, kipande cha chuma kama mpini wa kijiko. Ukikivuta, feni inanyonya hewa katikati ya kahawa na kuipeleka juu kwenye bomba. Alisema kazi yote iko hapo. Mwanzo unaipa buni moto wa kutosha na hewa kidogo, maana ukifungua hewa mapema joto linakimbilia nje na kahawa inakuwa na ladha ya nyasi zilizochemshwa. Halafu inageuka rangi, inanukia mkate, maganda yake membamba yanaanza kuruka. Ikianza kupasuka, kama mtu anavunja njiti za kiberiti, hapo unapunguza gesi na kufungua hewa, kwa sababu sasa kahawa ina joto lake yenyewe, na moshi wake yenyewe.

"Shosho, ikikosa hewa hapo, hiyo moshi yote inarudi kwa kahawa," aliniambia. "Unakunywa unaona kama unalamba jivu."

Kahawa ikapasuka mara ya kwanza. Nikainuka. Nilitoka mpaka kwenye kamba ya nguo, nikashikilia shuka mbichi ya jirani. Mideva akanifuata akiuliza kama moshi umenichoma macho. Nikamwambia si moshi. Moshi ungekuwa afadhali, moshi mtu anauona.

Ndipo nikamweleza habari za dada yangu Jerida, akasema, Shosho, hii uandike. Shule niliiacha darasa la tatu, na mkono wangu unaandika polepole kama mtu anayepanda mlima. Lakini majina ninayo yote. Nyinyi mlio na umri wangu, mliolelewa kwenye nyumba za udongo kando ya reli, mtanielewa hata nikikosea herufi.

Tulikaa Laini Saba, mtaa wa Kibera, mama yetu Rispa Vihenda, dada yangu Jerida Kageha, na mimi Turufena. Baba, Elfasi, alikuwa ameenda kutafuta kazi Mombasa na akawa ni mtu wa kusemwa tu, kama mvua ya mwaka jana. Nyumba ilikuwa chumba kimoja, kuta za udongo uliopigwa juu ya fito, paa la madebe yaliyonyooshwa. Treni ikipita, vumbi lilishuka kutoka darini likatua kwenye uji, na tulikunywa hivyo hivyo.

Mama alikuwa anakaanga kahawa. Nasema hivyo leo kwa urahisi, lakini wakati ule kupatikana na buni bila karatasi ya ruhusa lilikuwa jambo la kukupeleka kortini. Buni ililetwa na kijana mmoja wa upande huu wa Kawangware, Wanyoike, aliyekuwa na mkokoteni wa punda. Juu aliweka majani ya ng'ombe, chini gunia. Hakuwa akiingia ndani. Aliegemeza gunia mlangoni, akakohoa, akaondoka. Mama akikaanga, kahawa ilienda kwa Mama Zaituni, mzee wa Kinubi wa upande wa juu, aliyeitwanga na tangawizi na kuiuza kwa birika.

Sasa, shida ya kahawa si kuificha. Ni harufu yake. Gunia unaweza kulilalia, lakini harufu ya kahawa inatoka nje yenyewe na kwenda kuwasalimia askari wa chifu. Kwa hiyo mama alikaanga saa za kanisa, Jumapili, mtaa ukiwa mtupu, na kabla ya moto kushika tuliziba nyumba. Dirisha tulilipigilia mbao na kusokomeza matambara kwenye nyufa. Mlango ulitundikwa gunia lililoloweshwa maji. Kule juu ukuta unapokutana na paa, pale panapoingiza hewa katika kila nyumba ya udongo, mama alipafungia udongo mbichi na kinyesi cha ng'ombe mpaka pakawa laini kama chungu.

Halafu alitoka nje kunusa. Alizunguka nyumba taratibu kama mtu anayetafuta sindano, pua karibu na ukuta. Akisikia harufu mahali, aligonga kwa kidole, na mimi niliyekuwa ndani nilikimbia pale alipogonga na kubandika kitambaa. Ilikuwa kazi yangu na niliipenda. Jerida alicheka kimyakimya, akasema mama angezaliwa mbwa wa polisi tungekuwa tunakula nyama kila siku.

Kazi ya Jerida ilikuwa moto. Jiko letu lilitengenezwa na debe, na chini lilikuwa na kimlango ambacho sisi tulikiita mdomo. Jerida alikuwa na kipande cha bati cha kuufunika. Akitaka moto mkali aliufungua mdomo wote. Akitaka moto upumzike aliufunika ubaki upenyo mdogo. Karai ilikaa juu na yeye aligeuza kahawa kwa mwiko bila kuacha, sikio lake likiwa pale pale. Ikianza kupasuka, aliufunga mdomo wa jiko kabisa, makaa yakabaki mekundu bila mwali, na kahawa ikamalizikia kwenye joto lililobaki. Mama alimfundisha hivyo, kwanza ili isiungue, na pili ili makaa yabaki ya kupikia ugali. Nikimwangalia Mideva na kishikio chake, namwona Jerida na bati lake. Tofauti ni kwamba mashine ya Mideva ina bomba linalotoa uchafu nje, na jiko la Jerida lilikuwa likitutolea sisi.

Siku za kukaanga vichwa vilituuma. Mimi nilikuwa na maelezo yangu. Niliona kwamba harufu, ikinyimwa njia ya kutoka, inatafuta mahali pengine pa kukaa, na mahali penyewe ni vichwa vyetu. Sikuogopa. Niliona ni vizuri, kwamba watu wazima wanakunywa kahawa ili wachangamke na sisi tunapata bure. Kwamba badala ya kuchangamka nilikuwa nasinzia, hilo sikulifikiria. Mama akiingia na kutoka, na mimi nikitumwa maji, tulipata hewa. Jerida hakutoka. Mtu wa moto haachi moto.

Akaanza kutapika.

Mara ya kwanza mama alifagia, akaendelea na kazi. Mara ya pili alimtazama kutoka kichwani mpaka miguuni. Jerida alikuwa amekuwa msichana mkubwa mwaka ule, amejaa, na wanawake kwenye mfereji wa kuchota maji walianza kumwita "mama" kwa utani. Sasa alikuwa anaamka na kizunguzungu, anashika ukuta, anakataa chakula. Nyinyi mnaosoma mmeshajua mama alifikiria nini. Mama yeyote wa Laini Saba angefikiria hivyo.

Alimuuliza siku ya kufua, mlango ukiwa umefungwa. Ni ya nani? Jerida hakuelewa. Mama akauliza kama ni ya yule kijana wa punda.

"Mama, mimi mtu simjui," Jerida akasema. "Kichwa ndicho kinaniuma."

"Kichwa hakitapishi mtu."

Akampiga kofi moja tu. Halafu akakaa kitandani akavaa kitambaa chake cha kichwa, akakivua, akakivaa tena. Kwa mama jambo hili lilikuwa kubwa kuliko korti. Mwanamke aliyeachwa na mume, anayekosa kanisa kila Jumapili bila kueleza kwa nini, halafu binti yake aonekane na tumbo. Wangemwambia nini kanisani? Kule nyumbani Maragoli nani angemuoa Jerida? Jina la mtoto wa kike ndilo peke yake tulilokuwa nalo la kulinda, maana vitu vingine hatukuwa navyo.

Mimi nilisikia kwamba kuna mtoto na nikaanza kumtafuta. Niliangalia chini ya kitanda na nyuma ya mtungi. Nikabakiza tonge la ugali kwenye bakuli kwa ajili yake. Jerida aliliona, akaniuliza ni la nani, nikamwambia. Akalichukua lile tonge akalila mwenyewe, akaniambia mtoto ameshiba, nisibakize tena.

Tangu siku hiyo mama alimfungia ndani. Maji nilichota mimi. Kuni na makaa alileta mama. Jerida asionekane mlangoni, asionekane mferejini, mtu akiuliza yuko ushago, kule kijijini kwa nyanya. Na kwa vile nyumba ilikuwa imezibwa na mtu wa moto yuko ndani siku nzima, mama aliona kahawa ikaangwe kila siku badala ya Jumapili. Hakufanya kwa ubaya. Alifikiria ile hali, akatafuta mahali ambapo ingeweza kusaidia, akapaona hapo. Jerida akazidi kuumwa, na kila alipozidi kuumwa mama alizidi kuamini, na kila alipozidi kuamini aliongeza udongo kwenye nyufa, mpaka hata sauti za watu wa nje zikawa zinatufikia kama zimefunikwa blanketi.

Wanyoike alikatazwa kuja. Mama akasema gunia atalifuata mwenyewe, na siku moja asubuhi akanichukua tukaenda Kawangware kwa miguu. Jerida alibaki na kazi ya kumaliza buni iliyokuwepo. Mama alilowesha gunia la mlango, akalitundika, akavuta mlango na kupiga kufuli kwa nje. Nilisikia Jerida akiwasha kiberiti kabla hatujapiga kona.

Tulimpata Wanyoike akimpa punda maji. Alipomwona mama alitabasamu, halafu tabasamu likaondoka. Mama hakumsalimu. Alimuuliza amemfanya nini mtoto wake.

Wanyoike aliweka ndoo chini. Alikuwa kijana mrefu, mwenye aibu, na masikio yake yalisimama kando kama vishikio vya sufuria. "Mama Turufena," akasema, "mimi huyo msichana hata sura yake siijui. Naacha gunia, nakohoa, naenda. Uliza huyu mdogo."

Mama akanigeukia. Ilikuwa mara ya kwanza mtu mzima kuniuliza jambo kwa macho namna hiyo. Nikasema ukweli, kwamba Wanyoike hajawahi kuingia, na kwamba Jerida hatoki. Mama alisimama pale, mkono kiunoni, kama mtu aliyefika sokoni akasahau alichotaka kununua.

Gunia hakulichukua. Tulirudi haraka, akinivuta mkono mpaka bega likaniuma, na kuanzia Kibera mwanzoni alikuwa karibu kukimbia. Sijui kama alijua kitu. Nadhani alitaka tu kufika na kumwambia mtoto wake kwamba amemwamini.

Mlangoni hapakuwa na harufu hata kidogo. Nilifurahi. Nilifikiri leo tumeziba vizuri.

Mama alifungua kufuli, akasukuma gunia. Kahawa ilikuwa kwenye uteo, imepoa, ya rangi moja nzuri, hakuna hata punje iliyoungua. Jiko lilifungwa mdomo kwa bati, makaa yamehifadhiwa kama alivyofundishwa. Jerida alikuwa amelala kando yake kwenye mkeka, mkono chini ya shavu. Midomo yake ilikuwa myekundu vizuri, kama mtu aliyeacha kucheka sasa hivi. Nilimwambia mama asimwamshe, amechoka. Mama alimwita kwa sauti ya kawaida. Halafu akamwita kwa ile sauti iliyoleta watu.

Watu walijaa. Hakuna aliyejua kumetokea nini, na mlango ulikuwa wazi, hewa inaingia, ile sumu imeshaenda zake bila kuaga. Mwingine alisema moyo, mwingine alisema kuna mtu amemtazama vibaya. Mama Zaituni alikuja, akaona uteo, akaubeba chini ya buibui yake kabla askari hawajafika. Jioni aliirudisha kahawa ile imeshakuwa kwenye birika, awape watu wa matanga. Walikunywa wakisifu. Niliwasikia wakisema mzee leo ameipatia. Mimi pia nilipewa kikombe, na ndiyo kahawa ya kwanza niliyokunywa maishani mwangu.

Aliyemwosha Jerida ni mama mmoja wa kanisa, Finasi Kadenyi, aliyekuwa mkunga. Mama alimwomba abaki naye peke yake. Mimi nilisahauliwa nyuma ya pazia, na nilisikia mama akimwambia polepole kwamba atakachokiona kwenye tumbo la mtoto asikitoe nje ya chumba kile.

Finasi alifanya kazi yake kimya. Halafu maji yakaacha kumwagika.

"Rispa, kuna nini unataka nikufichie?" akauliza. "Mtoto huyu yuko kwenye siku zake. Kitambaa kiko hapa. Hajawahi kubeba mimba, na sidhani hata kama aliwahi kumjua mwanamume."

Nilisubiri mama alie, hakulia. Aliomba kile kitambaa. Finasi akamwambia hicho hufukiwa, mama akasema ndiyo, lakini akakishika kwa muda kwanza.

Jambo alilofanya baada ya mazishi ndilo linalonifanya niandike. Mama alijua ndani ya nafsi yake amemchafua mtoto, na akataka amsafishe. Alinishika mkono tukapita nyumba kwa nyumba, kuanzia kwa Beliha aliyekuwa jirani wa ukuta, kwa Mama Otieno wa mandazi, kwa mke wa mzee wa kanisa, mpaka kule chini karibu na mto. Kila mlango alisimama wima na kusema maneno yale yale. Alisema wasikie kutoka kwake, Jerida hakuwa mjamzito. Alisema Finasi ni shahidi, kwamba alimkuta na damu.

Wanawake walisema pole. Walisema hawakusikia kitu kama hicho. Na ni kweli, hawakuwa wamesikia, kwa sababu mama alikuwa amekificha vizuri, hakuna mtu hata mmoja Laini Saba aliyekuwa na wazo kuhusu tumbo la Jerida mpaka mama yetu alipowapelekea mlangoni. Nilikuwa mtoto, nikawa naangalia nyuso zao kwa chini. Niliona jinsi zilivyokuwa zinabadilika akifika pale pa damu. Waliangaliana. Msichana aliyefichwa ndani, anatapika, ati yuko ushago, amefungiwa kufuli, amekufa ghafla na damu. Walijumlisha wenyewe. Mimi nilidhani ni huruma.

Baada ya hapo Finasi aliulizwa na alisema ukweli, lakini mkunga akisema hakuna mimba iliyotolewa, watu wanajiuliza ni nani aliyeitoa. Akaacha kuitwa kuzalisha upande wetu. Mama aliliacha jiko. Akawa anafulia watu nguo mpaka alipofariki, na kanisani alikaa benchi ya nyuma. Mimi nilikuja kuelewa nikiwa nimeolewa huku Kawangware, siku ya baridi ya Julai jirani yetu alipoingiza jiko la makaa chumbani na kufunga dirisha, na daktari wa kike kwenye zahanati akatueleza kwamba makaa yakinyimwa hewa yanatoa hewa yake yenyewe ya sumu, haina rangi wala harufu, inaanza na kichwa na kutapika. Aliendelea kueleza na mimi sikuwa nasikia tena. Mama alikuwa ameshazikwa. Mpaka leo sijui kama ningemwambia.

Juzi nimeenda matanga Soweto East, kule kule Kibera, kwenye zile nyumba za gorofa. Nilikalishwa karibu na mwanamke wa umri wangu, mnene, mwenye macho ya upole, akaniangalia mpaka akanitambua. Alikuwa Miriamu, binti yake Beliha wa ukuta. Tulikumbatiana. Tukataja wafu wetu kwa majina. Halafu akasema, bila ubaya wowote, kwa sauti ya chini ya matangani, kwamba bado huwa anamkumbuka dada yangu, yule aliyekufa akitoa mimba.

Nilimweleza yote. Nilimweleza mdomo wa jiko na udongo wa kwenye paa, kichwa kilichouma, kile alichosema daktari wa zahanati. Nilimweleza damu ilikuwa damu gani. Niliongea mpaka chai yangu ikaganda utando juu. Miriamu alinisikiliza hadi mwisho, akachukua mkono wangu akauweka kwenye mapaja yake, akaupapasa.

"Pole sana, Turufena," akasema. "Mama yako pia alijitahidi hivyo hivyo kumfunika."